Jirani anapata Inua Jamii, sisi hatupati, na mtoto anakonda: nianzie wapi?

*"Nakaa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, na mume wangu, watoto watatu na mama yangu wa miaka 73 aliyekuja kutoka Machakos mwaka jana. Mume ni wa mjengo. Kazi ikikosekana tunategemea nguo ninazofua mtaa wa Pipeline. Jirani yetu ana duka, na bado mama yake anapokea pesa za Inua Jamii. Mama yangu hapati kitu. Mzee wa mtaa aliniambia nitoe mia tano ili jina liingizwe. Mtoto wa pili yuko shule ya serikali, anakula kile chakula cha shilingi tano. Wa kwanza yuko shule ya mtaani ya kulipa, anashinda na njaa hadi jioni. Wa mwisho ana miezi 14, amekonda, nampa uji na chai lakini haongezeki. Mume wangu anasema msaada ni wa wavivu, serikali ishushe tu bei ya unga. Kwenye TV naona malori ya chakula yakipelekewa watu wengine. Ya kwetu yako wapi? Nianzie wapi?"*

Dada yangu, anza na huyo wa miezi 14. Mambo ya Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya kila mwezi, na ya shule na unga yanaweza kungoja kidogo, yeye asingoje. Kesho asubuhi mbebe, chukua kile kitabu chake cha kliniki, uende kituo cha afya cha serikali kilicho karibu. Usiwaambie tu kwamba mtoto hali vizuri, maana utapewa dawa ya minyoo urudi nyumbani. Sema unataka apimwe mkono, uzito na urefu.

Nakuharakisha kwa sababu umri wake una pengo ambalo akina mama wengi hawalioni. Chanjo ya kwanza ya surua huwa miezi 9, ya pili miezi 18. Hapo katikati hakuna sindano, na mama anayefua nguo za watu haachi kibarua cha siku kwenda kupimisha mtoto ambaye haumwi. Basi mtoto anakaa muda wote huo bila kupanda mizani, na ndio wakati anaoanza kutegemea sufuria kuliko titi. Fungua kitabu uangalie mchoro wa uzito. Kama nukta ya mwisho ni ya miezi 9, hakuna anayejua hali yake, si wewe wala mimi.

Kipimo cha mkono ni utepe tu, unazungushwa mkono wa kushoto katikati ya bega na kiwiko. Sentimita 12.5 kwenda juu ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, yaani utapiamlo wa wastani. Chini ya 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Akiwa kwenye nyekundu, muuguzi atamwonjesha ile siagi ya njugu ya kwenye pakiti aone kama ana hamu. Akiila, na hana ugonjwa mwingine mkubwa, atatibiwa akiwa nyumbani na wewe utarudi naye kliniki kila wiki apimwe na uchukue nyingine. Akiikataa, atalazwa. Pakiti hizo hazilipiwi. Na ni dawa, kwa hiyo usizigawe kwa wakubwa wake hata wakilia. Wakati mwingine huisha kituoni. Ukiambiwa hivyo, usigeuze kurudi, uliza kituo gani kinazo na uandikiwe barua ya kwenda huko. Huduma za msingi katika vituo vya ngazi ya 2 na 3, yaani zahanati na vituo vya afya, hazina malipo mradi umejisajili na SHA, ile bima ya afya ya serikali. Kama bado, piga *147# ukiwa kwenye foleni.

Kuna hali ambazo hazingojei hata asubuhi. Bonyeza juu ya nyayo zake zote mbili kwa kidole gumba, uhesabu hadi tatu, kisha uachie. Kama kishimo kinabaki, huo ni uvimbe wa utapiamlo, na mtoto wa namna hiyo anaweza hata kuonekana mnene. Huo, au akitapika kila kitu, au akiwa mlegevu hashtuki ukimwita, au akipata degedege, nenda hospitali usiku huo huo.

Sasa uji. Sidhani unamnyima chakula. Nadhani unampa kingi ambacho hakina kitu. Tumbo la mtoto wa miezi 14 hujaa kwa kikombe kimoja, na uji mwepesi ni maji mengi yenye unga kidogo. Kikombe kinaingia, anashiba kweli, analala, na uzito hauongezeki. Watu hudhani mtoto mwenye njaa ni yule anayelia. Huyu wako anaweza kuwa halii kabisa. Upike mzito, ukiinamisha kijiko usitiririke. Ukishaupakua, tia kijiko cha mafuta ya kupikia, au njugu zilizosagwa, na ubadilishe: leo omena uliyoikausha kwenye sufuria ukaitwanga na kichwa chake, kesho maharagwe uliyoyaponda kutoka kwa githeri yenu, siku pesa ikiwapo yai. Mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati kama ndizi au kiazi. Titi liendelee hadi miaka miwili. Chai iondoke kabisa, kwa sababu inazuia mwili kupata madini ya chuma, na sukari yake inamwondolea hamu ya kilicho bora.

Na tafadhali, usikimbilie ule unga wa mchanganyiko wa vitu kumi unaosagwa posho mill, mahindi, wimbi, soya, njugu, omena, vyote pamoja. Njugu zikishasagwa na kukaa kwenye chumba cha mabati chenye joto huchacha haraka, na hujui zilihifadhiwaje kabla. Nunua unga wa nafaka peke yake, hayo mengine uyaongeze wakati wa kupika. Ni rahisi zaidi, na mtoto anapata ladha tofauti.

Tuje kwa jirani, maana naona hilo ndilo linalokuuma zaidi.

Msaada wa serikali hauifuati njaa. Unafuata sifa: umri, ulemavu, uyatima, mahali unapoishi, shule unayosoma. Familia mbili zinaweza kulala na njaa sawasawa, moja ikapata na nyingine ikakosa, bila mtu yeyote kuiba. Ukilielewa hilo, unaacha kuuliza "mbona familia yetu haisaidiwi?" na unaanza kumwangalia mtu mmoja mmoja ndani ya nyumba, kila mmoja na mlango wake.

Inua Jamii ina mafungu kadhaa, na yanayoweza kumhusu mtu wa Nairobi ni matatu: wazee wa miaka 70 na zaidi, mayatima na watoto walio katika mazingira magumu, na watu wenye ulemavu mkubwa. Kila mlengwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi, aghalabu zikilipwa za miezi miwili pamoja. Hayo mafungu mawili ya mwisho hupima umaskini. La wazee halipimi. Tangu 2018 ni la kila mwenye miaka 70 au zaidi asiyepokea pensheni ya serikali. Kwa hiyo mama wa mwenye duka hajachukua cha mtu. Na hii inakufaa wewe pia: huna haja ya kumthibitishia mtu yeyote kwamba mnateseka. Hoja yako ni mwaka wa kuzaliwa ulio kwenye kitambulisho cha mama.

Hata hivyo, kabla hujamwandikisha, uliza kama tayari ameandikwa Machakos. Mzee aliyehama huweza kuwa jina lake liko kule kwa naibu wa chifu wa zamani, limekwama kwa sababu hakuonekana siku ya kuhakiki walio hai, au kwa sababu alama za vidole hazikusoma. Vidole vilivyolima na kupura kwa miaka hamsini huwa laini kama sahani. Mashine haioni kitu. Piga 1533, simu ya Inua Jamii, ni bure, ukiwa na kitambulisho chake mkononi. Kama yumo, uliza jinsi ya kuhamishia Nairobi, na uliza pia kama wewe unaweza kuandikwa mlezi wa kumpokelea. Kama hayumo, nendeni pamoja kwa naibu wa chifu wa eneo lenu, na mkitoka hapo mwende kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, upande wa Embakasi Kusini. Mwombe aandike jina, na wewe andika tarehe na cheo cha aliyekuhudumia.

Mia tano usitoe. Usajili ni bure, na mzee wa mtaa hana uwezo wa kuingiza jina kwenye mfumo wa wizara. Anachokuuzia ni habari: yeye hujua mapema siku ambayo maafisa watakuja na tableti zao. Habari hiyo unaweza kuipata kwa kupita ofisini kwa naibu wa chifu mara kwa mara, na kwa kuwa karibu na CHP wa mtaa wenu, yule mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba. Mzee wa mtaa akikusumbua tena, lipeleke suala hilo kwa afisa wa kaunti ndogo au kwenye hiyo hiyo 1533. Najua kumshtaki mtu mnayekutana naye kila siku kwenye foleni ya maji si jambo rahisi. Ukiona litakuletea uhasama usioumudu, mkwepe tu kwa adabu upite juu yake.

Nisikupe matumaini ya bure. Usajili hufunguliwa kwa awamu, na kati ya awamu na awamu wazee wamewahi kungoja miaka. Malipo huchelewa, njia ya kulipa imebadilishwa mara kadhaa, na hizo 2,000 hazijapanda kwa zaidi ya miaka kumi huku kila kitu dukani kikipanda. Mwandikishe, lakini msianze kukopa dukani mkitegemea pesa hiyo. Na ikifika, ni ya mama. Nimeona nyumba ambamo mzee ndiye mwenye jina, na yeye ndiye wa mwisho kupakuliwa.

Malori unayoyaona kwenye TV huenda zaidi kwenye kaunti kame na nusu kame. Nairobi haimo. Kule ukame ukikolea mifugo hufa, na duka la karibu laweza kuwa mwendo wa siku nzima; hata ukimpa mtu pesa, atanunua wapi? Hapa kwenu chakula kimejaa barabarani. Ukishuka na shilingi hamsini unapata sukuma, nyanya na mafuta ya kupima. Kinachokosekana ni hiyo hamsini. Lori la mahindi likimwagwa Mukuru kila mwezi litawamaliza mama mboga na wenye posho mill, ambao nao ni majirani zako. Ndiyo maana sera ya mjini ni pesa mkononi, isipokuwa wakati wa dharura kama mafuriko ya 2024. Wanaosema pesa huishia kwenye chang'aa hawana ushahidi: mwaka 2014 watafiti wawili wa Benki ya Dunia walichambua tafiti za nchi nyingi na hawakuona matumizi ya pombe na sigara yakipanda kwa wanaopewa pesa.

Mume wako usimpuuze, ana hoja ambayo hata wachumi wanaibishania. Unga ukishuka, kila mtu anafaidi, hakuna foleni wala mzee wa mtaa wa kukuomba mia tano. Lakini tulishajaribu. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, pakiti ya kilo mbili ilishushwa kutoka shilingi 205 hadi 100. Unakumbuka? Unga wa mia ulitangazwa redioni, ukienda dukani haupo. Wasagaji waliambiwa wauze kwa hasara kisha serikali iwafidie, na mwenye hofu ya kutolipwa hatoi mzigo wote. Uliofika ulinunuliwa kwa katoni na wenye pesa na gari. Wewe unayenunua nusu kilo jioni ukitoka Pipeline ulifika rafu zikiwa tupu. Baada ya wiki chache mpango ukaisha, na Septemba Rais Ruto alisema ulimeza shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila kuleta nafuu. Ruzuku ya namna hiyo ni kumwagia mtaa mzima maji kwa mpira ukitumaini ndoo yako itajaa. Serikali ikageukia mbolea, mfuko wa kilo 50 ukashushwa hadi 2,500, kwa hoja kwamba mkulima akivuna zaidi bei itashuka yenyewe. Inaweza kusaidia. Lakini haisaidii mtoto wa miezi 14 mwaka huu.

Kuhusu uvivu, mwambie mtu anayebeba mawe ghorofa ya tano si mvivu, na bado kuna wiki mjengo husimama. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha kilicho bora, na kwamba serikali itoe hifadhi kwa wasioweza kujimudu. Sijui kama atakubali kwa kusomewa Katiba. Wanaume wengi niliozungumza nao hukubali zaidi wakiambiwa pesa ni za mama mkwe.

Amebaki mtoto wa kwanza. Dishi na County, ule mpango wa chakula cha shilingi tano ulioanzishwa 2023, ni wa shule za msingi na chekechea za umma. Mzazi anaweka pesa kwa simu, mtoto anagusisha bangili, anapewa wali na ndengu au maharagwe kwa shilingi tano. Shule za mtaani za kulipa hazimo, ingawa ndizo zimejaa watoto wa mitaa kama yenu. Mimi naliona kuwa kosa la sera: mtoto hakuchagua kwamba shule ya umma ya karibu imejaa au iko ng'ambo ya barabara kubwa. Lakini leo ndivyo ilivyo.

Je, umhamishe? Kama kuna nafasi katika shule ya mdogo wake, na wanaweza kwenda pamoja, ningehama. Utaokoa karo na atakula mchana, na hiyo karo ndiyo itanunua mafuta na mayai ya yule mdogo. Uliza kwanza kuhusu michango midogo midogo, sare na dawati, maana shule ya bure ina gharama zake. Darasa litakuwa kubwa, na mwalimu hatamjua kwa jina kama wa sasa anavyomjua. Kama yuko Gredi ya 6, mwache amalize. Kama ataachwa alipo, muulize mwalimu mkuu iwapo wana mfadhili wa chakula au kama wazazi wanaweza kuchangia sufuria moja ya githeri mara mbili kwa wiki. Shule kadhaa za namna hiyo hufanya hivyo kimyakimya. Na asubuhi, badala ya chai ya rangi na mandazi, mpe kiporo cha jana: ugali na maharagwe yaliyolala, yakapashwa moto vizuri hadi yatokote. Watoto hulalamika siku mbili tatu, halafu huacha, kwa sababu mandazi hayafiki saa nne.

Kwa hiyo wiki hii ni kliniki na simu ya 1533. Wiki ijayo naibu wa chifu, kisha shule. Ukitoka kliniki niandikie kipimo cha mkono, uzito, na walichosema kuhusu hamu yake ya kula. Ukiniambia pia ni vyakula gani unavyoweza kununua kwa siku ya kibarua na siku isiyo na kibarua, nitakupangia mlo wake wa wiki mbili kwa bei za soko lako.